Maswali yenu: Nimeshatubu, kwani bado nadaiwa?

SWALI: Shalom mwalimu. Zamani nilikuwa natunza hesabu kwenye biashara ya mtu, nikawa nachota kidogo kidogo mpaka ikawa hela ya maana, na mwenyewe hakuwahi kujua. Baadae nikaokoka, nikatubu kwa machozi kabisa. Sasa juzi mtumishi mmoja kaniambia toba yangu haijakamilika mpaka nirudishe. Mimi naona hapo tunarudishwa kwenye sheria, kwani Yesu si alishalipa yote msalabani? Nisaidie maana sina amani.
(Jina tumelihifadhi)

JIBU: Shalom mpendwa. Nianze na hapo mwisho, kwamba huna amani. Usikimbilie kukemea, sio kila kukosa amani ni shetani, mara nyingine Roho Mtakatifu anakukumbusha kitu ulichokiruka.

Yesu alilipa yote, hilo shika wala mtu asikupunguzie. Ila naomba ufungue Walawi 6 mstari wa 1 mpaka wa 7, manake kesi yako imo mle karibu kama ilivyo, mtu kapewa amana na mwenzake akaifanyia udanganyifu. Angalia inavyoanza, inasema huyo amemwasi Bwana kwa kumdanganya mwenziwe, yani wizi mmoja, waliokosewa wawili. Alafu angalia utaratibu wenyewe: kwanza anarudisha kile alichochukua chote na kuongeza sehemu ya tano juu yake, aliyechukua 100 anarudisha 120, na anampa mwenye mali mkononi, kisha ndio analeta kondoo dume asiye na kasoro kwa kuhani afanyiwe upatanisho. Kondoo hakuja badala ya mali ya watu. Ndio maana hata Bwana Yesu kwenye Mathayo 5:23-24 anamwambia mtu aliyefika madhabahuni akakumbuka ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka palepale, akapatane kwanza.

Au chukua ile Siku ya Upatanisho, Walawi 16, siku ya kumi ya mwezi wa saba. Haruni, kuhani mkuu, anaweka mikono yote miwili juu ya kichwa cha mbuzi aliye hai, anaungama maovu yote ya Israeli, yule mbuzi anapelekwa jangwani na dhambi za taifa zima. Ni picha nzito sana na sisi Wakristo tunamwona Kristo pale. Lakini kama jirani yako alikuibia kondoo, mbuzi akishapotelea jangwani kondoo wako bado yuko kwenye zizi la jirani, na sheria ya Kutoka 22 bado inamtaka akurudishie.

Sasa usije ukasema mwalimu kanirudisha kwenye matendo. Huwezi kununua msamaha hata ukirudisha mara kumi, Paulo kasema wazi Warumi 3:20 hakuna atakayehesabiwa haki kwa matendo ya sheria, na mistari michache mbele, wa 31, anajiuliza kama imani inaibatilisha sheria anajibu hasha. Mtazame Zakayo yule mtoza ushuru, Luka 19. Yesu alimwita ashuke mtini akaenda kwake wakati hajarudisha hata senti, neema ilitangulia, na ni ileile neema iliyomsimamisha mwenyewe bila kuambiwa na mtu akasema niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Hakuambiwa kaa chini, yameshalipwa.

Na huyohuyo Paulo wa neema, alipomrudisha mtumwa Onesimo kwa bwana wake Filemoni, hakuandika kwamba deni limefutika kwa kuwa kijana ameokoka, aliandika kama amekudhulumu au unamdai kitu kiandike juu yangu, mimi nitalipa. Barua ina sura moja tu, isome leo.

Kwa hiyo nenda kwa huyo mtu. Mwambie kiasi, usipunguze wala usipambe, na kama huna zote omba ulipe kidogo kidogo. Anaweza akakasirika, anaweza hata kukupeleka kwenye sheria, hiyo ni haki yake na mimi siwezi kukuahidi vingine. Kama amefariki tafuta ndugu zake, Hesabu 5:8 imewataja. Usiende peke yako kama unaogopa, mwombe huyo mtumishi akusindikize, alikuambia ukweli.

SWALI: Mwalimu, mwanangu akinikosea namsamehe tu, simchinji mtu. Kwa nini Mungu ashindwe kusamehe bila damu?

JIBU: Swali la siku nyingi hili, mwanatheolojia Anselm wa Canterbury alilifanyia kazi kitabu kizima mwishoni mwa karne ya 11, akasema dhambi inamnyima Mungu heshima yake na binadamu hana cha kulipia, mwanatheolojia mwingine, Abelard, akaja akampinga, akaweka uzito kwenye upendo unaotugeuza mioyo. Mababa wa kanisa, yani walimu wa karne za mwanzo, wao walipenda kusema Kristo kamshinda mauti na shetani. Mitaguso mikuu ya kanisa la kale, yani mikutano ya maaskofu, haikuchagua maelezo moja ikafungia mengine, so ukisikia mtu anahubiri kana kwamba maelezo yake tu ndio sahihi, msikilize kwa utulivu.

Ila ondoa hiyo picha ya Mungu mwenye kiu ya damu. Walawi 5:11 maskini asiyeweza hata njiwa aliruhusiwa kuleta unga, sadaka ya dhambi kabisa, na akasamehewa. Alafu 2 Wakorintho 5:19 inasema Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake, yani hakumkamata mtu wa pembeni akamchinja ili hasira ipoe, gharama kaibeba mwenyewe. Na wewe ukimsamehe mwanao kitu kikubwa kweli, sio kuvunja kikombe, kitu cha kukuharibia maisha, unajua kuna kinachokuuma na unakimeza wewe, yeye hakimezi.