Maswali na Majibu: Kupanda Kilimanjaro na Watoto Palipopita Moto

Wanangu wana miaka 7 na 11. Je, wote wawili wanaweza kwenda kuona palipoungua mwaka 2020? (Baba, Arusha)

Moto ule, uliozuka tarehe 11 Oktoba 2020, ulianzia Whona, sehemu ya mapumziko iliyo kati ya kambi za Mandara na Horombo katika njia ya Marangu. Mkubwa atapaona, mdogo aishie Mandara. Kutoka getini hadi hapo, kwenye mita 2,720, ni takriban kilomita 8 za msitu, na ukiongeza kulala usiku mmoja na kuzunguka kreta ya Maundi asubuhi yake, mtoto wa miaka 7 atakuwa ametembea vya kutosha. Aliye chini ya miaka 10 haruhusiwi kwenda kileleni hata hivyo, na wazazi wanaoniandikia kila mara wakitafuta upenyo katika kanuni hiyo wajue kwamba mimi sina.

Je, ni kweli moto huo uliyeyusha theluji?

Hapana. Uliwaka katika ukanda wa vichaka na nyasi, mbali sana chini ya barafu.

Kuna hatari gani kwa mtoto anayepita mahali palipoungua?

Hatari iko nje ya njia, na ndiyo maana sichoki kusema kwamba mshike njia. Kichaka kilichoungua hubaki kimesimama kikavu kwa miaka. Mtoto akikishika, kiganja hutoka cheusi, na akikiegemea, tawi huvunjika bila onyo, hasa upepo unapovuma. Mizizi iliyoteketea ardhini huacha mashimo ambayo majivu na nyasi mpya huyafunika, na mguu mdogo huzama humo hadi gotini. Mvua ikinyesha, udongo usio na majani ya kuushika huteleza kama sabuni. Chuchumaeni pamoja naye kandokando ya njia mtazame shina jeusi la nyasi linavyochipua majani mabichi katikati, kisha mwelezeni kwamba hatua moja ya mpiga picha aliyetoka njiani huyaua machipukizi hayo. Ninawalenga watu wazima, kwa kuwa watoto hutii.

Tukifika kambini, tunaweza kuwasha moto mdogo tuchome mahindi?

Hamwezi. Nimeulizwa hili mara nyingi kiasi kwamba nashangaa kama kuna anayesoma majibu yangu. Mwaka 2020 taarifa ya awali ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, iliwataja wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni, na watu wakawalaumu wapagazi peke yao, bila kumuuliza mgeni anayedai chai ya moto katikati ya mbuga kavu. Huwa nasikia pia lawama zikielekezwa kwa warina asali na wawindaji haramu, na wapo kweli, lakini sigara ya mtalii haichagui nyasi. Ukanda wa juu wa msitu, ambao moto umekuwa ukiusogeza chini kwa miongo kadhaa, hunasa maji ya ukungu, na wanaoishi chini wakitegemea mifongo, yaani mifereji ya jadi iletayo maji kutoka mlimani, hawakuwahi kula mahindi yenu.

Mtoto akiumwa kichwa, nimpe dawa tuendelee?

Msimame. Maumivu yakizidi au akianza kutapika, ashuke mara moja, hata kama mmeshalipia siku sita.

Ni mwezi gani salama zaidi kuhusu moto?

Jihadharini na mwisho wa kiangazi kabla ya mvua za vuli kushika: ule wa 2020 ulikuwa Oktoba, na ule uliozuka karibu na kambi ya Karanga mwaka 2022 ulikuwa Oktoba vilevile. Mnaolazimika kusafiri wakati huo, mwulizeni mwongozaji wenu kabla ya kuondoka atashukia njia gani iwapo moshi utatokea mbele, na akishindwa kujibu mtafute mwingine. Mkiunusa moshi mkiwa juu, mwambieni papo hapo na muanze kushuka. Simu zibaki mfukoni, mikono ishike watoto.