Vespa ya marehemu babu: fungua, lakini si yote

Sheikh wangu, umeuliza kama unaweza kuifufua mwenyewe Vespa PX ya marehemu babu yako hapo Jang'ombe, Unguja, injini, bodi na rangi, kabla ya Idi. Nusu yake naam, nusu yake la.

Plagi, kusafisha kabureta, kubadilisha waya za klachi na breki, matairi: hayo yafanye, spana na subira vinatosha. Kama haina pampu ya oili, changanya mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli.

Kuipasua injini ni jambo jengine. Magineti, lile gurudumu la sumaku kwenye ncha ya krenki (shafti ya injini), haitoki bila ya kifaa chake cha kuvutia. Mie niliigonga nyundo nikaharibu nyuzi za krenki. Fundi alicheka kwanza, halafu ndio akataja bei.

Lakini kinachonitisha zaidi ni bodi. Vespa haina fremu kama pikipiki nyengine, bati lenyewe ndilo fremu. Na hewa yetu hii ya chumvi unaijua inavyoleta kutu. Inua mpira wa pale unapoweka miguu, dukua bati kwa bisibisi, na chini yake pia. Ikipenya, simama hapo hapo. Usizibe kwa puti ukapaka rangi, utakuwa umeficha jeraha tu, na siku utakayompakia mtu nyuma ndiyo itakayofunguka. Mpelekee anayejua kuchomea bati jembamba, si yule wa mageti.

Ama hiyo "kabla ya Idi", hukusema Idi ipi.