Mtoto mnene anawezaje kuwa amedumaa?

SWALI: Binti yangu ametimiza miaka miwili. Ana kilo 12.5 na kwenye kadi yuko kijani. Juzi kliniki wamempima urefu, sentimita 78, nesi akasema amedumaa. Nimeshangaa, maana ni bonge na anakula sana: uji wa unga wa lishe wa mchanganyiko wa vitu kumi, biskuti, juisi za paketi. Jirani ananishauri nimnunulie dawa ya maji ya kuongeza hamu ya kula ili akue. Nimpe? (Mama wa Makambako)

JIBU: Usimpe, mama. Nesi yuko sahihi, na nampongeza kwa kukitoa kibao cha urefu, maana kliniki nyingi mtoto hupandishwa kwenye mzani, nukta inachorwa, anafuata mwingine. Msichana wa umri huo hutarajiwa kufika kama sentimita 86. Chini ya 80 tunasema amedumaa. Na kwa kimo cha 78, kilo 12.5 zimezidi. Kwa hiyo anayo yote mawili, na kijani cha kadi kilikuwa kinaangalia uzito kwa umri tu.

Sasa huo unga. Kila wiki naletewa kopo la namna hiyo kwa fahari: mahindi, mchele, ngano, ulezi, uwele, mtama, soya, karanga, mbegu za maboga, dagaa, vyote vimesagwa pamoja. Jamani, ukichanganya nafaka sita umepata nafaka! Soya isiyokaangwa vizuri huzuia protini kumeng'enywa. Karanga zikishasagwa, mafuta yake huchacha kopo likikaa. Tena mahindi na karanga zilizokaushwa vibaya hubeba sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ukishasaga huwezi tena kuiona punje yenye ukungu. Anayekuuzia hakwambii hayo. Anakwambia vitu kumi.

Pika uji wa nafaka moja, uwe mzito, kwa maziwa. Sahani yake iwe na yai, au dagaa, au maharage yaliyopondwa, pamoja na mboga za majani na parachichi. Biskuti na juisi ziishe leo. Usimpunguzie chakula ili akonde. Tunataka kimo kiufikie uzito. Kama anaharisha mara kwa mara au hajapewa dawa ya minyoo, mwambie nesi.

Hizo dawa za hamu ya kula nyingi ni siprohepitadini, dawa ya mzio inayoleta usingizi na njaa. Wengine huuza deksamethasoni, ambayo huvimbisha mashavu, ndugu wakasifu, kumbe ikitumika muda mrefu inazuia mifupa kurefuka. Yaani mtoto aliyekwama kimo anapewa kitu cha kumkwamisha zaidi!

Njombe kwenu kuna viazi, maziwa na maparachichi, lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati nchi nzima ni asilimia 30. Parachichi linapakiwa kwenye lori, mama yuko shambani mpaka jioni, mtoto anashinda na dada yake wa miaka minane na uji wa asubuhi kwenye chupa. Halafu anatokea mtu na kopo, au sirapu, anasema tatizo ni hamu ya kula.

Kama ile dawa umeshainunua, ije kliniki pamoja na kadi, tusome lebo.