Ule nini siku gani: chakula wakati wa kemo ya saratani ya matiti

Kinachowachosha wagonjwa wengi ni kulazimisha ulaji wa namna moja kwa siku zote 21 za mzunguko, yaani tangu dripu moja hadi inayofuata. Kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, huja kwa zamu, na tumbo hufuata zamu hizo. Kuna siku sahani ya wali haitazamiki. Kuna siku mdomo umechubuka hata chai ya uvuguvugu inachoma. Halafu wiki ya tatu njaa hurudi na ugali hupendeza kama zamani. Ukizijua siku hizi mapema, hutajilaumu kwa kushindwa kula siku ya tatu, wala hutaiacha wiki ya tatu ipite bure, maana hiyo ndiyo ya kufidia.

Tuchukue mpango unaotumika sana: doksorubisini, ile dawa nyekundu, pamoja na saiklofosfamaidi, mara 4, kisha paklitakseli. (Mkojo kuwa mwekundu siku moja au mbili baada ya dripu ni rangi ya dawa, si damu.)

Siku ya dripu usiende na njaa, usiende umeshiba. Kula kitu chepesi saa moja au mbili kabla: vipande viwili vya mkate, kiazi kitamu cha kuchemsha, au kikombe cha uji mwepesi. Anayeondoka Morogoro alfajiri kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, abebe chakula kikavu cha njiani, kwa sababu kati ya kupima damu, kumwona daktari na kuwekewa dawa, nusu siku huisha. Chakula unachokipenda kuliko vyote kiache kwanza, siku hiyo na mbili zinazofuata. Ukikila kisha ukatapika, ubongo hukifunganisha na kutapika, na unaweza kukichukia kwa miezi.

Kunywa maji kwa wingi, lita 2 hadi 2.5 kwa siku, hasa siku mbili za mwanzo, na usibane mkojo. Mabaki ya saiklofosfamaidi hutoka kwa njia hiyo na yakikaa huunguza kibofu. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aulize kwanza kiasi chake.

Kichefuchefu cha dawa hizi kina mawimbi mawili: la kwanza ndani ya saa 24, la pili kati ya siku ya 2 na ya 5. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Siku ya kwanza mgonjwa anajisikia vizuri kwa sababu ya dawa alizochomwa hospitalini, vidonge vya kuzuia kutapika anaviweka kabatini, na siku ya tatu wimbi linamkuta hana kinga. Vimeze kwa saa ulizoandikiwa, hata kama hujisikii vibaya. Ukitapika pamoja na kuvimeza ipasavyo, mwambie daktari kabla ya dozi inayofuata. Zipo dawa nyingine za kuongeza, na si lazima uvumilie.

Siku hizo tano kula kidogo kidogo, nusu kikombe kila baada ya saa mbili. Tumbo tupu huzidisha kichefuchefu, kwa hiyo weka biskuti mbili kavu karibu na kitanda, uzile kabla ya kuinuka. Maji na chai vinywe nusu saa kabla au baada ya chakula, visichanganyike nacho. Ukitapika, lipumzishe tumbo kama nusu saa, kisha anza na kijiko kimoja cha maji kila dakika tano.

Ndugu unayeuguza, tatizo kubwa kwako ni harufu, na harufu hupanda na mvuke. Umetoka nyumbani na hotpoti ya ndizi nyama, umeipika kwa mapenzi yote, unaifungulia kando ya kitanda. Mvuke wa saa mbili unatoka kwa pamoja, mgonjwa anageuza uso ukutani, nawe unadhani amekikataa chakula chako. Ifungulie nje. Pakua vijiko vitatu au vinne, acha vipoe dakika 10 hadi 15, ndipo umpelekee. Chakula cha uvuguvugu au baridi kinanuka kidogo. Nyumbani, vitunguu na samaki vikaangwe mbali na anapolala.

Ladha nayo hubadilika, wengi husema mdomo una shaba kama wamelamba sarafu. Tumia kijiko cha mti au cha plastiki. Nyama ya ng'ombe ndiyo huwa chungu kuliko vyote, basi iache. Mayai, choroko, maharage, kuku na dagaa vitatosha. Ndimu au ukwaju husaidia kuifunika ladha hiyo, ila mdomo ukiwa na vidonda uviepuke.

Vidonda vya mdomoni huanza kama siku ya 5 na huweza kufika ya 14. Anza kusukutua kabla havijatokea: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kijiko kimoja cha chai cha beking soda. Sukutua nusu dakika, tema, mara 4 hadi 6 kwa siku, na tengeneza mapya kila asubuhi. Angalieni hapa: ni beking soda, si magadi ya kulainishia maharage, wala si beking pauda. Magadi yana ukali unaochubua mdomo uliokwisha kuchubuka. Chakula cha siku hizo ni mtori, parachichi, ndizi mbivu, viazi vilivyopondwa na mayai yaliyopikwa laini lakini yakaiva. Pilipili, nyanya na machungwa vingoje.

Kati ya siku ya 7 na ya 14 seli nyeupe za damu huwa chini kabisa, na kijidudu ambacho zamani kingekuharisha siku moja sasa kinaweza kukulaza wodini. Maziwa yachemshwe. Mtindi uwe wa maziwa yaliyochemshwa au wa kiwandani. Matunda yaoshe na umenye mwenyewe; tikiti lililokatwa barabarani, kachumbari ya mgahawani na mishkaki yenye wekundu ndani, hapana. Kiporo cha wali kilicholala mezani kitupwe, kwa sababu sumu ya vijidudu vyake haiondoki kwa kupasha moto.

Hili linagusa pia juisi ya matembele mabichi ambayo wengi huletewa "kuongeza damu". Damu hupungua wakati wa kemo hasa kwa sababu dawa hupunguza kasi ya uboho unaoitengeneza, si lazima kwa kukosa madini ya chuma. Matembele yapikwe, rozela ichemshwe, vitumike kama chakula. Vidonge vya chuma vimezwe tu kama kipimo kimeonyesha upungufu. Mwarobaini, majani ya mstafeli na unga wa mlonge, chochote unachopewa, kitaje kwa daktari, kwani baadhi ya mitishamba huingilia kazi ya ini katika kuichakata kemo. Balungi pia lina tabia hiyo.

Sasa uzito. Watu hutarajia mgonjwa wa saratani akonde, lakini kwa saratani ya matiti wengi hunenepa. Deksamethazoni inayotolewa kuzuia kutapika huamsha njaa, kutembea kunapungua, hedhi hukatika, na soda na biskuti za kutuliza tumbo huzoeleka mdomoni. Kwa hiyo jipime mara moja kwa wiki kwenye mizani ileile, ndipo uamue. Anayepungua, tuseme kilo 3 kutoka 60 ndani ya mwezi, aongezewe nguvu ndani ya kile kidogo anachokula: kikombe cha uji, kijiko kimoja kikubwa cha siagi ya karanga, viwili vya maziwa ya unga. Karanga zenye ukungu zisitumike. Uzito ukipanda, uji huo huuhitaji. Ongeza mboga na samaki, na tembea dakika 20 jioni.

Protini inahitajika kwa wote, gramu 60 hadi 90 kwa siku kwa mtu wa kilo 60. Yai moja lina kama gramu 6. Soya ya kawaida ya chakula haina madhara kwa wagonjwa hawa. Wala msimnyime mgonjwa sukari kwenye uji kwa kuambiwa inalisha saratani. Kila seli ya mwili hutumia sukari, na kumnyima hakuizuii saratani. Mwenye kisukari ndiye aangalie, maana deksamethazoni huipandisha.

Choo kigumu mara nyingi husababishwa na ondansetroni, vidonge vya kuzuia kutapika; kinachosaidia ni maji, papai, na kutembea. Zikipita siku tatu bila choo, ulizia dawa, lakini usijipige enema (kuingiza maji au dawa kwa njia ya haja kubwa) wakati seli nyeupe ziko chini.

Homa ya 38 au zaidi, maji kukataa kukaa tumboni kwa siku nzima, au kuharisha mara nne au zaidi kwa siku juu ya kawaida yako: nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.

Ikifika zamu ya paklitakseli, kichefuchefu hupungua na wengi hula vizuri. Ugumu unahamia vidoleni, vinakuwa na ganzi. Mgonjwa anainua sufuria ya moto asihisi kwamba anaungua. Tumia kitambaa kinene, mwachie mwingine kisu cha kumenyea ndizi, na siku ukishindwa kufunga kifungo cha gauni mwambie muuguzi kabla hajakuwekea dripu, kwa sababu daktari huweza kupunguza dozi kwa dalili hiyo.