Maswali ya Wasomaji: Bunge, Mazingira na Miradi Mikubwa ya Ujenzi

Barua nyingi zilizotufikia zinauliza mambo yanayokaribiana: wabunge wanapojadili barabara, reli na mabwawa, sheria za mazingira hukaa wapi katika mjadala huo? Tumezichagua chache na kuzijibu kwa kirefu kadiri kila moja ilivyohitaji.

Swali: Ndugu Mhariri, nimefuatilia mjadala wa bajeti ya wizara ya ujenzi hadi Bunge lilipoahirishwa. Karibu kila mheshimiwa alitaka kujua barabara ya jimboni kwake itaanza kujengwa lini, lakini sikumsikia hata mmoja akiuliza kama tathmini ya mazingira imefanyika. Je, hilo si jukumu lao?

Jibu: Ni jukumu lao, na kimya ulichokisikia kina sababu inayoeleweka. Mbunge hutumwa na wapiga kura wanaodai lami, kalavati na daraja. Hakuna anayemtuma kudai ripoti. Tena imezoeleka kudhani kwamba mazingira ni shauri la wizara nyingine, litakalojadiliwa siku nyingine.

Sheria haioni hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla mradi unaohusika haujaanza wala kugharimiwa, na sheria ya Kenya ya mwaka 1999 kuhusu uratibu na usimamizi wa mazingira inamtaka mwenye mradi wa aina hiyo afanye vivyo hivyo kabla ya kuugharimia. Watunga sheria wa nchi hizo mbili hawakuishia kwenye siku ambayo tingatinga linaingia eneo la kazi. Walirudi nyuma hadi kwenye fedha. Walikuwa na sababu nzuri, kwa kuwa tathmini inayofanywa baada ya fedha kupitishwa na mkandarasi kupatikana haiwezi tena kuuliza kama mradi ufanyike au upite wapi. Inachobakiwa nacho ni kupendekeza miti ipandwe kandokando.

Nyenzo za kuuliza swali hilo mapema zipo. Katika Bunge la Tanzania, makadirio ya wizara yanapopitiwa katika Kamati ya Matumizi, mbunge asiyeridhika na maelezo anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kuzuia kwa ishara kupitishwa kwa mshahara huo, mpaka apewe ufafanuzi. Shilingi hiyo imezoea kushikwa kwa ajili ya barabara ambazo hazijajengwa. Ingeweza kushikwa pia ili waziri aeleze upembuzi yakinifu ulilinganisha njia ngapi mbadala, na kama wataalamu wa mazingira walishirikishwa kabla ya njia moja kuchaguliwa au baada yake. Maswali hayo hayaui mradi. Yanachofanya ni kumlazimisha waziri kutoa jibu linaloingia katika kumbukumbu rasmi za Bunge, ambalo mwaka unaofuata mtu yeyote anaweza kulifungua na kulilinganisha na kilichotendeka.

Swali: Mimi ni mhandisi. Mradi ukishafika asilimia tisini, kuusimamisha kwa sababu ya mnyama au mmea fulani ni kutupa fedha za umma. Kwa nini wabunge watunge sheria inayoruhusu jambo kama hilo?

Jibu: Hoja yako ilijadiliwa mno nchini Marekani katika miaka ya 1970, kwenye mgogoro wa bwawa la Tellico, na ninausimulia kwa urefu kwa sababu watu wengi huukumbuka nusu tu. Ujenzi ulianza mwaka 1967 katika Mto Little Tennessee, chini ya shirika la umma la Tennessee Valley Authority. Mwaka 1973 mtafiti aligundua katika mto huo samaki mdogo wa sentimita chache, aitwaye snail darter, na mwishoni mwa mwaka huohuo Kongresi, yaani Bunge la Marekani, ikapitisha sheria ya kulinda viumbe walio hatarini kutoweka. Shauri lilipanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwezi Juni 1978, kwa kura 6 dhidi ya 3, ilisema kwamba sheria ilivyoandikwa haikuacha mwanya, na kwa hiyo bwawa lisimame ingawa lilikuwa karibu kukamilika.

Wabunge wengi walikasirika, wakairekebisha sheria mwaka uleule. Waliunda kamati ya viongozi wa juu wa serikali iliyopewa mamlaka ya kuruhusu mradi uendelee, hata kama kiumbe fulani kitatoweka, pale itakaporidhika kwamba manufaa yake yanazidi wazi yale ya njia mbadala. Tellico ikafikishwa mbele ya kamati hiyo mwanzoni mwa mwaka 1979, na kamati ikaikatalia kwa kauli moja. Kilichoiangusha si samaki. Wachumi walipopiga hesabu walikuta kwamba hata ukiziweka kando fedha zote zilizokwisha kutumika, ukahesabu gharama za kumalizia peke yake, pamoja na thamani ya ardhi ambayo ingefunikwa na maji, manufaa yaliyotarajiwa hayakufika. Mradi uliotetewa kwa jina la fedha za umma ulishindwa katika hesabu ya fedha hizohizo, na hesabu hiyo ilifanywa miaka kumi na miwili baada ya ujenzi kuanza.

Yaliyofuata yanahusu zaidi kanuni za Bunge kuliko mazingira. Mwaka huohuo wa 1979 watetezi wa bwawa walichomeka kifungu katika muswada wa kuidhinisha matumizi ya fedha za sekta za nishati na maji, kikiuruhusu mradi ukamilike bila kujali sheria yoyote iliyouzuia, na katika Baraza la Wawakilishi kikapita pasipo mjadala wa maana. Rais Carter alitia saini mwezi Septemba, na mwezi Novemba milango ya bwawa ikafungwa. (Samaki mwenyewe alinusurika, kwa kuhamishiwa mito mingine na kwa kugunduliwa kwingineko, hata akaondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 2022.)

Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba kusimamisha kazi ikiwa asilimia tisini ni hasara kubwa. Ila hasara hiyo haizalishwi na sheria ya mazingira. Inazalishwa na uamuzi wa kuanza kabla ya kupima. Na nikishauri jambo moja kwa wabunge, basi wajihadhari na vifungu vya namna hiyo vinavyofichwa ndani ya miswada ya fedha, mahali ambapo kamati ya mazingira haina nafasi ya kuvichambua.

Swali: Kila mwekezaji analalamika kwamba vibali vya mazingira vinachukua muda mrefu. Je, si vyema Bunge liweke ukomo wa siku, na kibali kihesabiwe kimetolewa siku hizo zikipita?

Jibu: Malalamiko hayo yana ukweli. Marekani, ambayo sheria yake ya mazingira iliyotiwa saini tarehe 1 Januari 1970 ndiyo iliyoigwa na nchi nyingi, ilifika mahali ambapo taarifa kamili ya athari ilichukua wastani wa miaka minne na nusu. Mwaka 2023 Kongresi iliweka ukomo wa miaka miwili na kurasa 150, au kurasa 300 kwa miradi yenye utata usio wa kawaida. Ukomo wa kurasa naupenda, maana ripoti nene mara nyingi huandikwa ili isisomwe. Ukomo wa muda unafaa pale tu ambapo ofisi inayotoa kibali ina wataalamu wa kutosha; ukiiwekea siku chache ofisi yenye maafisa wachache, umeibadilisha kuwa meza ya kugonga mihuri. Hilo la kibali kujitoa chenyewe siliungi mkono kabisa, kwa sababu linampa mwenye mradi sababu ya kuwachelewesha wakaguzi.

Muda mwingi zaidi ungeokolewa kwa kutathmini mipango kabla ya kutathmini mradi mmojammoja. Hiyo huitwa tathmini ya kimkakati ya mazingira. Umoja wa Ulaya uliiweka katika agizo lake la mwaka 2001, sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 inayo, na Kenya iliipa uzito katika marekebisho ya mwaka 2015. Serikali inapoandaa mpango wa mtandao wa barabara wa nchi nzima, hapo ndipo pa kuuliza ni maeneo gani yasiguswe. Mgogoro wa barabara ya kaskazini mwa Serengeti unaonyesha gharama ya kuliacha swali hilo hadi mwisho: wapinzani walikuwa wakipendekeza njia ya kusini mwa hifadhi, serikali ikaendelea na mpango wake wa kaskazini, na mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha ikazuia barabara ya lami iliyokuwa imependekezwa. Mjadala kuhusu njia ungeweza kumalizwa mezani, kwenye ramani, mapema zaidi.

Swali: Ripoti ya tathmini huandaliwa na mshauri anayelipwa na mwenye mradi. Tutaiaminije?

Jibu: Shaka yako ni halali, lakini sioni ubaya katika mwenye mradi kulipa, ubaya ni kumchagua mtaalamu, kumlipa kwa awamu kadiri ripoti inavyompendeza, kisha kukosekana jicho la pili. Uholanzi tangu mwaka 1987 ina tume huru ya wataalamu ambayo haiandiki ripoti wala haitoi kibali. Kazi yake ni kusema hadharani kama ripoti ina taarifa za kutosha kufanyia uamuzi. Wabunge wanaotaka marekebisho yasiyo na gharama kubwa wangeanza hapo.

Swali: Kwa nini mambo mengi ya mazingira huamuliwa na waziri kwa kanuni, bila wabunge kupiga kura?

Jibu: Kwa sababu wabunge wenyewe walimpa waziri mamlaka hayo katika sheria mama. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilikuja kwa njia hiyo: Kenya kwa tangazo la gazeti la serikali lililoanza kutumika tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania kwa kanuni zilizoanza tarehe 1 Juni 2019. Udhibiti wa Bunge haujaisha hapo. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2013 inataka kanuni za namna hiyo ziwasilishwe bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, na Bunge linaweza kuzibatilisha.

Swali: Sisi wananchi tunaalikwa kutoa maoni, lakini tunahisi ni kutimiza wajibu tu. Tufanyeje ili maoni yetu yawe na uzito?

Jibu: Hisia hiyo ina msingi, ila maoni yaliyopuuzwa yanaweza kuuangusha mradi mahakamani. Mwezi Juni 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira nchini Kenya lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Lamu, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano ya awali ilifanyika kabla ya utafiti kukamilika, hivyo waliohudhuria hawakupata nafasi ya kujadili matokeo yenyewe.

Kwa hiyo, mkialikwa, ulizeni kwanza kama ripoti iko tayari na mnaweza kuisoma. Andikeni maoni badala ya kuyasema tu, mkitaja kifungu cha muswada au ukurasa wa ripoti na kupendekeza maneno mnayotaka yawekwe, kwa kuwa kamati yenye siku chache za kuchambua muswada hutumia kile kinachoweza kuingia moja kwa moja katika jedwali la marekebisho. Wasomaji wa Kenya wana pia Ibara ya 119 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni, na Ibara ya 70, inayomruhusu kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi amedhurika. Mnapopeleka barua kwa kamati, hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwani mgogoro ukifika mahakamani, swali la nani alisema nini, na lini, ndilo litakaloulizwa mwanzo.