Muulize Mwalimu: Nipange karibu na chuo kikuu ili mtoto apate shule nzuri?

Shikamoo Mwalimu. Mume wangu amehamishiwa Morogoro, tunaondoka Dodoma mwezi ujao. Tumeoneshwa nyumba mbili. Ya kwanza iko Magadu, jirani na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), vyumba viwili, kodi laki mbili na nusu kwa mwezi. Ya pili iko Kihonda, vyumba vitatu na uwanja wa kufugia kuku, laki moja na nusu. Kaka yangu aliyeko Marekani anasisitiza tuchukue ya Magadu hata kama itatuumiza, eti shule za serikali zilizo karibu na chuo kikuu huwa nzuri kwa sababu watoto wanasoma na watoto wa maprofesa. Nina mmoja wa darasa la tatu na mwingine wa kidato cha kwanza. Nikubali kukamuliwa kodi kwa ajili ya shule?
*Mama wa wawili, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Kaka yako hakudanganyi, ila anakueleza ya huko aliko. Marekani sehemu kubwa ya fedha za shule za umma hutoka kwenye kodi za majengo za eneo husika. Mtaa wenye nyumba za thamani una shule yenye fedha. Chuo chenyewe mara nyingi husamehewa kodi hiyo, lakini wahadhiri wake wananunua nyumba, wanalipa, na wanasimama kwenye mikutano ya shule kuuliza fedha zimekwenda wapi.

Hapa kwetu mshahara wa mwalimu unatoka Hazina, na mwalimu anapangiwa kituo na serikali. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, ruzuku imekokotolewa kwa kichwa cha mwanafunzi: shilingi 10,000 kwa mwaka shule ya msingi, 25,000 sekondari. Kiwango ni kilekile Magadu, Kihonda na hata Gairo. Ruzuku haiulizi kama jirani yako ni profesa au muuza mkaa.

Kwa hiyo kinachoweza kuvuka ua wa chuo na kuingia shuleni ni watu tu. Hilo nalijua vizuri, maana nimefundisha miaka mingi shule iliyopakana na nyumba za watumishi wa chuo. Zamani watoto wa wahadhiri walikaa dawati moja na watoto wa wapishi na walinzi wa chuo hichohicho. Mzazi mmoja, mhandisi, alikuwa mjumbe wa kamati ya shule, na kikao hakikuisha bila yeye kuomba daftari la fedha na kulisoma mstari kwa mstari huku mwalimu mkuu akitokwa jasho. Mama mwingine alikuwa mkemia. Ijumaa mchana alikuja na chupa ya maji ya rozela, ndimu na majivu ya jikoni. Anakamulia ndimu kwenye glasi, rozela inang'aa nyekundu. Anatia maji ya majivu kwenye glasi ya pili, inageuka kijani cha kutisha. Darasa la sita walipiga kelele hadi mwalimu wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Sisi walimu tulijifunza pia, na mwaka uliofuata hakuna aliyefundisha asidi na besi kwa kuchora ubaoni tu.

Miaka ya tisini shule za binafsi za mchepuo wa Kiingereza zikashamiri. Mabasi ya njano yakaanza kupiga honi kwenye nyumba za chuo saa kumi na mbili kasoro alfajiri, yakiwazoa watoto wa wahadhiri mmoja mmoja. Simlaumu mzazi kwa kumtafutia mwanawe anachoona bora. Lakini watoto walipoondoka, wazazi wao nao waliondoka. Mhandisi hakurudi kwenye kamati, na rozela nikaendelea nayo mwenyewe. Chuo kilikuwa palepale, hatua chache kutoka uani kwetu. Penye miti hakuna wajenzi.

Basi kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, mume wako asimame asubuhi moja njia panda ya Magadu atazame watoto wa majirani zenu watarajiwa wamevaa sare gani. Wakipanda mabasi ya njano, hiyo laki moja ya ziada utakuwa unalipia hewa safi ya Uluguru. Ni hewa nzuri, sikatai.

Utamsikia pia mtu akikuambia, "Angalia Mzumbe! Sekondari ipo ubavuni mwa chuo kikuu na inafaulisha." Ni kweli, Shule ya Sekondari Mzumbe na Chuo Kikuu Mzumbe ni majirani, barabara ya kwenda Iringa. Lakini Mzumbe, kama ilivyo Kilakala pale Morogoro mjini, inapokea wanafunzi wa vipaji maalumu waliochaguliwa nchi nzima kwa alama zao za darasa la saba. Ukiwakusanya watoto wa namna hiyo na kuwaweka bweni popote pale, watafaulu. Mtoto wa kijiji cha jirani na chuo hana nafasi ya pekee pale kwa sababu tu anasikia kengele yao.

Sasa nije kwenye faida ambayo watu hawaisemi, walimu wa mazoezi. Vyuo vikuu vinavyofundisha ualimu huwatawanya wanafunzi wao mashuleni kwa wiki kadhaa, aghalabu sekondari, na aghalabu kipindi cha Julai na Agosti. Shule nyingi za kata zina upungufu mkubwa wa walimu wa hisabati na fizikia, hivyo vijana hao huwa kama mvua. Kwa mtoto wako wa kidato cha kwanza hili lina uzito. Kwa wa darasa la tatu halina sana, maana walimu wa mazoezi wa shule za msingi hutoka vyuo vya ualimu.

Ila mvua hiyo hukatika. Ukifika shule yoyote ya sekondari hapo Morogoro, muombe mtoto wa jirani wa kidato cha pili daftari lake la hisabati la mwaka jana. Fungua kurasa za Julai na Agosti. Utakuta wino mwekundu kila zoezi, vema na mkasi, "fanya tena namba 4", pengine na kanyota. Kisha fungua Septemba na Oktoba. Kama wino mwekundu umeendelea, hata kwa uchache, hapo pana shule. Kama umekatika siku kijana alipofunga begi lake, ujue mwenye somo, yaani mwalimu wa kudumu wa hisabati, alikuwa likizo ofisini miezi miwili na hajarudi bado. Nimeliona hilo mara nyingi, na linaniudhi kuliko madawati mabovu.

Kuna na jambo la kodi zenyewe. Mtaa ukizungukwa na chuo, kila mwenye kiwanja anajenga hosteli, na bei za vyumba zinapanda. Mwalimu wa shule ya msingi ya mtaa huo hawezi kupanga hapo. Anaishi mbali, anapanda daladala mbili, mvua ikinyesha kipindi cha kwanza kimekwenda. Wanafunzi wa chuo wanafundisha tuisheni ya bei poa jioni, hiyo ni kweli na inasaidia, lakini shuleni saa moja na nusu asubuhi nani yupo?

Sasa nikuchekeshe kidogo. Hiyo Kihonda mnayoiona iko mbali na chuo ipo upande wa Mazimbu, ambako SUA ina Kampasi ya Solomon Mahlangu. Hapo palikuwa shamba la mkonge lililoachwa, wapigania uhuru wa ANC, chama cha Afrika Kusini, wakapewa wakajenga shule yao, na mwaka 1992 wakaikabidhi kwa Tanzania. Walimu wa sayansi wa SUA wanasomea huko. Kwa hiyo wanaokufaa wewe wako upande wa nyumba ya bei nafuu.

Chukua ya Kihonda, ufuge kuku wako. Laki moja inayobaki kila mwezi inatosha vitabu na mwanafunzi wa chuo wa kumfundisha mkubwa hisabati Jumamosi. Kwa wa darasa la tatu, utembelee shule mbili tatu kabla ya kuamua, uhesabu waliomo darasani. Kiwango ni wanafunzi 45 kwa mwalimu, usishangae ukikuta maradufu. Na usiondoke Dodoma bila mwalimu mkuu kuanzisha uhamisho kwenye PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi. Ukifika, gombea kamati ya shule. Wazazi wengi huwa wanakwepa, hutapata mpinzani.

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasomea ualimu wa kemia na baiolojia. Nimepangiwa mazoezi ya kufundisha shule ya kata, na siku ya kwanza tu nimekabidhiwa vipindi vyote vya kemia, kidato cha kwanza hadi cha nne. Mwenye somo amesema nitamkuta kwa simu. Nikatae?
*Mwanachuo, Morogoro*

Usikatae vyote, mwanangu, maana watoto hawana kosa. Nenda kwa mkuu wa shule kwa adabu, mwambie unaomba vidato viwili na unaomba mwenye somo akae nyuma ya darasa angalau kipindi kimoja kwa wiki. Usimsemee mwenzako vibaya. Sema mkaguzi wako wa chuo atauliza, na kweli atauliza. Ukimpata huyo mwenye somo, mpe kazi ndogo: msahihishe zoezi moja pamoja kila wiki, wewe nusu ya madaftari, yeye nusu, kwa kalamu yake. Siku ya kuondoka mwachie azimio la kazi na maandalio yako yote, yaliyoandikwa vizuri, pamoja na orodha ya wanafunzi waliokwama kwenye kusawazisha milinganyo. Rozela zinauzwa sokoni, kilo moja inatosha shule nzima.