JIBU: Vyeti vya hisa vya mama vimeibwa, tunaanzia wapi?

Usingoje abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kuonyesha umeripoti! Nimesoma ati mkoba wa mamako uliibwa stegi hapo Nakuru ukiwa na vyeti vya hisa pamoja na kitambulisho, na broka wa hisa amekwambia ukusanye karatasi zote kwanza ndio uende kwa rejistra, yule anayetunza orodha ya wenye hisa wa kampuni, kwa safari moja tu. Hayo maneno ndio tuliambiwa sisi Kisumu na jamaa fulani mwenye ofisi na tai.

Ya shangazi yangu ilikuwa hivyo hivyo, vyeti na ID vilienda pamoja. Jamaa akasema polisi kwanza, halafu afidaviti, yaani kiapo cha maandishi, halafu benki iweke sahihi kwa fomu ya indemniti, zikikamilika ndio tuandikie kampuni. Sasa hiyo indemniti si mchezo, benki ama kampuni ya bima inaahidi kulipa hasara kama cheti cha zamani kitatokea mkononi mwa mtu mwingine, kwa hivyo wanataka ada, wanataka dhamana, wanakuzungusha. Sisi tukizungushwa mwizi naye ana karatasi na kitambulisho, akafungua akaunti ya CDS, ile ya kuweka hisa kielektroniki, kwa jina la shangazi, akaingiza vyeti, akauza. Rejistra hakuwa na habari kwamba vimeibwa, angezuia na nini? Tulipofika na bahasha yetu nono tukaambiwa jina la shangazi halipo tena kwa rejista. Kudai zirudi ni wakili, ni mtaalamu wa kuthibitisha sahihi imeghushiwa, ni korti, na mama wa watu alikuwa amezitegemea kwa karo ya wajukuu. Huyo jamaa alishakula pesa ya kufuatilia, ukimpigia hashiki. Kumwambia mjane aliyeibiwa anyamaze kwanza ni ukatili, sina neno lingine.

Cheti ni ushahidi tu bana, umiliki uko kwenye rejista ya wanachama, yaani wenye hisa. Karatasi ikiungua ikaisha, hisa bado ziko. Ikiibwa, hatari ni mtu abadilishe rejista kabla hujapiga kelele. Hata Marekani, ile sheria yao ya biashara UCC kifungu cha 8-406 inasema ukijua cheti kimepotea ukachelewa kuarifu kampuni, na hisa zikasajiliwa kwa mwingine kabla taarifa yako ifike, huwezi tena kuidai kampuni kwa huo usajili.

Kwa hivyo leo hii mamako aandikie rejistra, utapata ni nani kwa ripoti ya mwaka ya kampuni. Aweke jina kamili, namba ya ID, aseme wazi vimeibwa na wasisajili uhamisho wowote. Nakala iende CDSC, wale wanaosimamia akaunti za CDS. Tuma kwa barua pepe na pia upeleke kwa mkono upigiwe mhuri wa kupokelewa. Namba za vyeti kama hamna usikwame hapo, rejistra anazo. Abstrakti itafuata, na hakikisha polisi wameandika vimeibwa, si vimepotea, na kitambulisho kitajwe humo. Nakala yenye mhuri ukae nayo wewe, usimwachie huyo broka.